Kabla Mto Haujafika Lituhi

Ukitaja Ruanda mbele ya mtu wa Dar es Salaam, mawazo yake yanakwenda Kigali. Ruanda ya makala haya ni kata ya Wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenye barabara ya Kitai kwenda Lituhi. Walioisikia wameisikia kwa sababu ya makaa ya mawe. Mgodi wa Ngaka uko katika kijiji cha Ntunduwaro, ndani ya kata hiyo, na uchimbaji ulianza mwaka 2011 kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) na wawekezaji kutoka Australia. Kusini kwake ni milima ya Umatengo, yenye kahawa na mashamba ya mashimo yaitwayo ngoro. Upande wa magharibi barabara inateremka hadi Lituhi, jirani na pale Mto Ruhuhu unapoingia Ziwa Nyasa.

Afisa kilimo wa kule juu huhesabu hekta na magunia. Wa madini huhesabu tani. Wa uvuvi huhesabu mitumbwi na kilo za usipa, samaki wadogo wa ziwani. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye makao yake Tukuyu, hutoa vibali vya kutumia maji. Kila mmoja ana daftari lake na sheria yake, na yawezekana kabisa kwamba hakuna anayekosea hesabu. Shida ni kwamba udongo uliotoka kwenye daftari la kwanza hauandikwi popote unapoingia kwenye la tatu. Sayansi ya mifumo ikolojia, ukiivua majina yake makubwa, ni kazi ya kuyaunganisha madaftari hayo: kilichotoka hapa kimekwenda wapi, kiasi gani, na kimemfanya nini aliyekipokea? Neno lenyewe lilichapishwa kwa mara ya kwanza na Mwingereza Arthur Tansley mwaka 1935. Swali ni la zamani zaidi, na Wamatengo wa milima ile walikuwa wameshalijibu kwa jembe.

Katikati ya karne ya 19, vita vya Wangoni viliwabana Wamatengo milimani, na ardhi waliyobaki nayo ilikuwa miteremko ambayo mtu akikanyaga vibaya anateleza. Huko ndiko kilimo cha ngoro kilikokomaa. Mwezi Machi, mvua zikielekea ukingoni, majani ya shamba lililopumzika hufyekwa na kuachwa yakauke. Kisha hupangwa kwa mistari inayokatana mpaka shamba zima liwe kama wavu uliotandazwa mlimani, kila jicho la wavu likiwa na upana wa mita moja na nusu hivi. Udongo wa katikati ya kila jicho huchimbwa na kutupwa juu ya majani. Kinachobaki ni shimo lenye tuta pande zote nne, na ndani ya tuta kuna majani yanayoendelea kuoza. Maharage hupandwa juu ya tuta wakati huohuo. Mahindi huja baadaye, na mvua za mwisho wa mwaka.

Mgeni akiliona shamba hilo kwa mbali hudhani ni pambo. Lakini angalia linavyofanya kazi. Maji ya mvua hayaharibu mteremko kwa wingi wake tu. Yanauharibu kwa mwendo. Yakipewa mita mia za kukimbia bila kizuizi hukusanya nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayong'oa udongo. Ngoro huyakatiza mbio kila baada ya hatua moja au mbili. Yanaingia shimoni, yanatulia, udongo unazama chini, na maji yananywewa na ardhi taratibu. Wakati wa palizi, magugu na mabaki ya mazao hutupwa shimoni humo yaoze. Kwa hiyo shimo ni bwawa, ni mtego wa udongo na ni pipa la mboji, vyote kwa gharama ya jembe moja. Mvua ikizidi, kila shimo humwagikia la jirani kidogo kidogo. Matuta marefu ya kukinga mteremko hayana subira hiyo: yakibomoka mahali pamoja, maji yote yaliyokusanywa hupita pale na kuchimba korongo.

Wakoloni waliliona jambo hili. Mwaka 1938 ofisa mmoja, A. H. Pike, aliandika juu ya ngoro katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Maandishi hayo hayakuizuia serikali yake kuwalazimisha watu wa milima mingine kuchimba matuta ambayo hawakuyabuni wala kuyataka, na mwaka 1955 Waluguru waliandamana kuyapinga. Mlima mmoja ulikuwa na utaalamu wake, mwingine ukaletewa amri. Nadhani hadi leo hatujamaliza kujifunza kutokana na hilo.

Miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa shirika la misaada la Japani, JICA, walifika Mbinga na vipimo. Mashamba ya ngoro yalionekana kupoteza udongo kidogo kuliko yaliyolimwa kwa njia za kawaida kwenye mteremko wa namna moja. Kwangu mimi, hata hivyo, jambo kubwa walilolileta si hilo. Ni neno la Kimatengo, ntambo. Ntambo ni mgongo wa mlima uliozungukwa na vijito, uliokuwa mali ya ukoo mmoja: juu kabisa msitu au majani, chini yake mashamba ya ngoro, kisha nyumba na kahawa, na bondeni maji. Mtaalamu wa maji akitaka kuugawa mlima ili aupime, naye hufuata mahali maji yanapoanzia na yanapokutana. Mipaka yetu ya vijiji na kata mara nyingi haifuati mwendo huo wa maji. Ntambo iliufuata, na mwenye kulima juu alikuwa ndugu wa anayechota chini.

Siandiki haya ili kuisifu enzi ya mababu. Ngoro ina gharama, na gharama yake haikugawanywa sawa. Kwa desturi mwanamume hufyeka. Kuchimba mashimo ni kazi ya mwanamke. Kahawa ilipoingia na kushika sehemu nzuri ya ntambo, ngoro zilisukumwa pembeni, ardhi ikagawanywa kwa watoto na wajukuu, muda wa kupumzisha shamba ukafupishwa. Vijana wengi wakateremkia kwenye miombo ya tambarare, ambako hakuna mteremko wa kudai ngoro, wakakata miti na kulima matuta mepesi. Mtafiti anayepima udongo uliookolewa bila kupima saa za mgongo wa mama aliyeuokoa ameacha nusu ya mfumo nje ya hesabu. Halafu tunashangaa kwa nini teknolojia nzuri inaachwa.

Kijiji cha Kindimba kilionyesha njia nyingine ya kuingia. Badala ya kuanza na mahubiri ya kuhifadhi, mradi wa SUA na JICA uliwasaidia wanakijiji kujenga mashine ya kusaga inayozungushwa na maji ya kijito. Kamati yao ilichukua jina la sengu, baraza la zamani la Wamatengo ambamo watu walikutana kula na kuamua mambo pamoja. Mashine ilihitaji kijito kisichokauka, na watu wakaanza kupanda miti na kutunza chanzo. Unga ulikuwa sababu iliyotosha.

Hapo kwenye miti lazima nisimame kidogo, kwa maana ndipo sayansi inapoudhi watu wema. Tumezoea kusema kwamba miti huleta maji. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, taasisi ya utafiti wa kilimo na misitu ya Afrika Mashariki iliyokuwa Muguga, Kenya, ilichagua mabonde mawili madogo katika safu ya milima ya Mbeya: moja lenye msitu wa asili, jingine lililolimwa na wakulima wadogo hadi kwenye miinuko mikali. Kazi hiyo ilianzishwa na H. C. Pereira na wenzake. Walipima mvua iliyoingia na maji yaliyotoka kwa takribani miaka kumi. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi, hata kiangazi. Sababu ni nyepesi: msitu wenyewe hunywa. Mizizi yake inafika chini kuliko ya mahindi na majani yake hufanya kazi mwaka mzima. Kilichowashangaza zaidi ni kwamba bonde lile lililolimwa halikumomonyoka kama walivyoogopa, kwa kuwa udongo wa Mbeya ni wa majivu ya volkano, hunywa maji kama sifongo.

Je, basi tukate? La. Udongo wa Mbinga si majivu ya volkano, na ukiufungua kwenye mvua inayozidi milimita 1,000 kwa mwaka hautakuwa na huruma ile. Ardhi iliyokanyagwa na kuchomwa moto ikapoteza uwezo wake wa kunywa maji hupeleka mvua mtoni kwa saa chache, na kiangazi haina cha kutoa. Funzo la Mbeya ni kwamba swali la "miti au mashamba" halina jibu moja kwa nchi nzima. Linategemea udongo, mteremko, aina ya mti na kitu unachotaka: maji mengi, maji safi, au maji ya Oktoba. Mikaratusi iliyopandwa juu ya chemchemi kwa nia njema inaweza kuikausha chemchemi hiyohiyo. Mkuyu wa kienyeji ulioachwa pale na wazee una tabia nyingine. Anayeamua bila kujua tofauti hiyo anabahatisha.

Sheria nayo hubahatisha kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa. Ni kipimo rahisi kusimamia, na afadhali kiwepo kuliko kisiwepo. Lakini mita 60 za tambarare ya Lituhi si mita 60 za bonde jembamba la Umatengo, ambako umbali huo unaweza kumeza bustani yote ya familia na bado mteremko mkali wa juu yake ukabaki wazi. Ramani ya mahali udongo unapotoka hasa ingemwambia afisa aanze na vijito vipi, na wapi amwachie mama mboga zake.

Maji yakishatoka kwenye ntambo yanaingia vijitoni, vijito vinaingia mitoni, na mingi ya upande wa kaskazini huishia Ruhuhu, mto unaolipa Ziwa Nyasa maji mengi kuliko mwingine wowote upande wa Tanzania. Njiani hupokea mengine: msimu wa kahawa, maji ya mitambo ya kumenya na kuosha buni yenye utamu unaooza na kula hewa ya maji; msimu wa moto, majivu. Udongo hauji sawasawa mwaka mzima. Sehemu kubwa ya mzigo wa mto hupita katika siku chache za mvua kubwa, mara nyingi usiku. Mtaalamu anayekuja na chupa yake mwezi Agosti, barabara ikiwa kavu, ataondoka na maji meupe na ripoti nzuri.

Ziwa linaloupokea mzigo huo lina kina cha karibu mita 700. Maji yake mengi hutoka kwa kupanda angani kama mvuke; mto mmoja tu, Shire, ndio unaoyatoa kusini, na unatoa kidogo sana ukilinganisha na ukubwa wa ziwa. Kwa kasi hiyo ingechukua mamia ya miaka kulibadilisha. Kinachoingia, kwa maisha ya binadamu, kimeingia. Tena chini ya mita 200 na kitu hakuna oksijeni: samaki wote wanaishi katika tabaka la juu, na chini yake kuna ghala la giza lenye rutuba iliyozama. Pepo za kusi, kati ya Mei na Agosti, hulikoroga ziwa na kuirudisha juu sehemu ya rutuba hiyo. Vijimea vya kijani huongezeka, vijidudu vinavyovila huongezeka, usipa huongezeka. Mvuvi wa Liuli anayesema usipa "umekuja" au "umepotea" anaisoma hesabu ya upepo, kwa kuwa usipa huishi karibu mwaka mmoja tu na hana akiba ya miaka ya nyuma.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa nchi tatu zinazolimiliki ziwa ulipima mito inayoingia. Mito ya mabonde yaliyolimwa sana, kama Linthipe ya Malawi, ilibeba udongo na fosforasi nyingi zaidi kwa kila kipande cha ardhi kuliko mito ya mabonde yenye misitu ya kaskazini. Huo udongo ukifika ufukweni hufunika mawe. Samaki wa rangirangi wa miambani wanaishi kwa kukwangua uoto laini ulio juu ya mawe hayo, na kila mwamba unaweza kuwa na aina zake ambazo hazipatikani penginepo duniani. Tena majike huchagua madume kwa rangi. Katika Ziwa Victoria, mwaka 1997, Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji yalipotiwa tope, furu, jamaa za samaki hao, walishindwa kutofautishana kwa rangi, aina zikaanza kuchanganyika na kupotea. Mbasa, samaki mwingine wa Ziwa Nyasa, naye ana habari yake: hupanda mito wakati wa mvua kwenda kutaga kwenye changarawe safi yenye maji ya kasi. Changarawe ikizibwa na tope, mayai hayapati hewa. Mkulima aliyeacha ngoro na mvuvi anayelalamika kuwa mbasa wameadimika huenda hawajawahi kuonana.

Watu huuliza kama hesabu hizi zimewahi kuzuia kosa lolote kubwa. Zimewahi, na katika ziwa hilihili. Wanaoishi Kyela na Nyasa wanalijua wingu la kungu, wadudu wanaopanda kutoka ziwani kama moshi, ambao watu huwakusanya na kuwala. Viluwiluwi vyao hujificha kwenye maji ya chini mchana na kupanda usiku kula. Miaka ya 1980 baadhi ya wataalamu walisema: chakula chote hiki kinaruka bure, tulete dagaa wa Ziwa Tanganyika wakile, tupate mavuno. Wengine wakaonya. Ilikuwa miaka ambayo sangara, aliyeingizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960, alikuwa ameshaonyesha mgeni mmoja anaweza kufanya nini. Kati ya 1990 na 1994 mradi wa utafiti wa Uingereza na nchi za SADC ulifungua matumbo ya samaki wa maji ya wazi na kupima nani anakula nini, mmoja wa watafiti akiwa Mtanzania Benjamin Ngatunga, ambaye baadaye aliiongoza Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI. Ikaonekana samaki wa asili walikuwa wanawala kungu vizuri tu. Meza haikuwa na kiti kitupu. Dagaa hawakuletwa.

Kwenye fukwe za Malawi, Jay Stauffer na wenzake waliufuata mnyororo mwingine: samaki wanaokula konokono walipovuliwa kupita kiasi karibu na kingo, konokono wanaobeba kichocho waliongezeka, na ugonjwa ukawa tishio mahali ambapo watu walizoea kuoga bila wasiwasi. Wavu wa mvuvi ulikuwa umeingia kwenye daftari la zahanati.

Sasa turudi Ruanda, katikati ya mlima na ziwa. Makaa ya mawe popote duniani huweza kuwa na madini ya salfa. Yakifunuliwa yakakutana na hewa na maji hutoa tindikali, na tindikali huyeyusha metali kutoka kwenye mawe. Kiasi hutegemea jiwe la mahali hapo. Zipo pia pumba za makaa na udongo uliofunuliwa, ambao mvua huubeba kama ubebavyo udongo wa shamba. Mbali zaidi, kuna mpango wa muda mrefu wa bwawa la Kikonge kwenye Mto Ruhuhu, la megawati 300 hivi pamoja na umwagiliaji. Bwawa lingekamata sehemu ya udongo usifike ziwani, jambo ambalo mwamba wa ufukweni ungelishukuru, na lingemfungia njia mbasa anayepanda kutaga. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mahitaji ya nyumbani kwanza na mazingira kabla ya viwanda. Ili kuitii, lazima kwanza ujue mto unahitaji kiasi gani, mwezi gani, kwa ajili ya nani.

Hapo ndipo ninapolaumu, na lawama yangu haimhusu mchimbaji mmoja wala ofisi moja. Tumezoea kupima mto baada ya ugomvi kuanza. Bila rekodi ya hali ya awali, mwanakijiji anayeona maji yamebadilika hana ushahidi, na mwekezaji asiye na kosa naye hana utetezi. Tathmini ya athari kwa mazingira inayofanywa kwa ziara za wiki mbili haiwezi kuijaza nafasi hiyo. Rekodi hiyo inahitaji angalau misimu miwili ya mvua, fimbo ya kupimia kina iliyosimikwa mtoni, chupa zinazojazwa usiku wa mvua, na kijana wa kijijini anayelipwa kufanya hivyo, kwa kuwa yeye ndiye atakayekuwepo saa nane za usiku mto ukijaa. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na thamani ya makaa yanayochimbwa.

Basi, msomaji wa Ruanda, Matiri au Lituhi, safari ijayo wageni wa tathmini watakapokuja kijijini na karatasi ya mahudhurio, kabla hujaweka sahihi waulize: mto huu ulipimwa lini kabla ya leo, kwa misimu mingapi, na hayo madaftari yako wapi? Wakikujibu vizuri, omba nakala ibaki ofisi ya kijiji.